Trela Yako ya Kwanza ya Kempu: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Karibu tena kwenye somo letu la manunuzi makubwa. Tumeshaongea kuhusu kununua shamba, pikipiki na mashine ya kusaga. Leo tunaingia kwa kitu ambacho wengi wenu mmekuwa mkituuliza hasa kila likizo ya Agosti na Desemba ikikaribia: ile trela ya kempu ya kuvutwa na pikapu. Ile yenye kitanda, jiko la kuvuta nje kama droo, tangi la maji na mahali pa firiji. Unaifunga nyuma ya Hilux au D-Max, unabeba familia, na mnaenda kulala Naivasha, Baringo au hata Turkana bila kulipa hoteli.

Ndoto nzuri sana. Lakini ni moja ya vitu ambavyo watu wanalipia kwa haraka halafu wanajuta polepole.

Mwenzetu mmoja wa ofisini alikuwa karibu kujuta mwaka jana. Aliona tangazo mtandaoni: trela safi, picha kumi, bei KSh 650,000. Muuzaji akamwambia kuna mtu mwingine anaitaka, kwa hivyo atume KSh 60,000 ya kushikilia. Akaweka namba, akaweka kiasi, na kabla ya PIN akasoma jina lililotokea kwenye skrini. Halikuwa jina la yule aliyekuwa akiongea naye. Alipouliza, akaambiwa "hiyo ni laini ya bibi yangu." Akasema sawa, nitakuja kuiona kwanza halafu nilipe pesa taslimu hapo hapo. Simu ikazimwa. Hadi leo haijawashwa.

Jina moja kwenye skrini ndilo lililookoa elfu sitini. Na bado, hata kama trela ile ingekuwepo kweli, alikuja kugundua kwamba pikapu yake isingeiweza. Kwa hivyo somo letu lina sehemu mbili: kwanza kuchagua, halafu kulipa.

1. Anza na pikapu, si trela

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu anafanya ni kupenda trela halafu kuuliza kama gari litaivuta. Geuza. Fungua mlango wa dereva, utapata kibandiko au kibati cha uzito, kisha chukua kitabu cha gari. Unatafuta namba nne:

- Uzito wa pikapu ikiwa tupu.
- Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa pikapu ikiwa imebeba watu na mizigo.
- Uzito wa juu wa pikapu na trela zikiwa pamoja.
- Uzito wa trela ambao pikapu inaruhusiwa kuvuta. Hapa kuna mbili: trela yenye breki zake na trela isiyo na breki.

Hiyo ya mwisho ndiyo wauzaji wanapenda kutaja. "Hii gari inavuta tani tatu na nusu, boss." Inawezekana kabisa. Hilux mpya za injini ya 2.8 zimepewa hadi kilo 3,500 kwa trela yenye breki. Lakini Hilux si moja. Za zamani ni chini ya hapo, na hata za mwaka mmoja hutofautiana kulingana na injini na kama ni ya magurudumu mawili au manne. Na kwa trela isiyo na breki, pikapu nyingi zinaishia kilo 750 tu. Soma namba ya gari lako, si ya jirani.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua karatasi. Namba hizi ni za mfano, wewe utaweka zako.

Tuseme pikapu yako ya kabini mbili ina kilo 1,950 ikiwa tupu. Kikomo chake ikibeba ni kilo 2,900. Kikomo cha pikapu na trela pamoja ni kilo 4,600. Na kitabu kinasema inavuta kilo 2,500.

Familia inaingia: watu wanne, kilo 260. Kanopi ya nyuma, kilo 80. Bampa ya chuma na winchi, kilo 90. Firiji, mafuta ya ziada na vifaa, kilo 120. Jumla ya vitu hivyo ni kilo 550. Pikapu yako sasa ina kilo 2,500.

Toa 2,500 kwa 4,600. Zinabaki 2,100. Umeona? Kitabu kilisema 2,500, lakini familia yako na bampa yako zimekula kilo 400 kabla hata trela haijafungwa. Na sisi tunashauri usiende hadi mwisho wa kikomo. Kama ndio unaanza kuvuta, kaa kwenye asilimia 80 hivi ya kile kilichobaki. Hapa ni kama kilo 1,680. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo sokoni. Iandike kwenye simu.

Kama pikapu yako ni ya dizeli isiyo na turbo, kama zile Land Cruiser za 4.2 ambazo ziko nyingi hapa kwetu, punguza zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi tu iko karibu mita 1,800 juu. Ukipandisha kutoka Naivasha kuelekea Limuru ukiwa na mzigo nyuma, utaelewa tunachosema.

2. Uzito mtupu si uzito wa safari

Muuzaji akikuambia trela ni kilo 1,100, uliza: tupu au imejazwa? Mara nyingi ni tupu.

Tuijaze. Maji lita 100 ni kilo 100, hakuna siri hapo. Betri na paneli ya sola, kilo 50. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 6 ikiwa imejaa ni kama kilo 25, kwa sababu chuma cha mtungi nacho kina uzito. Hema ya juu, kilo 60. Chakula, sufuria, viti, meza, magodoro, kilo 150. Hizo ni kilo 385. Trela ya kilo 1,100 imekuwa 1,485. Bado iko chini ya 1,680 yako. Hiyo unaweza kuifikiria.

Sasa chukua karavani ya kilo 1,600 ikiwa tupu. Ukiijaza vile vile inafika 1,985. Kitaalamu bado haijapita 2,100, lakini hujajiachia nafasi ya kupumua. Siku utakayomwongeza shangazi na gunia la viazi kutoka Kinangop, umevuka.

Angalia pia kibati cha trela yenyewe. Trela nayo ina kikomo chake. Pikapu kuweza kuvuta kilo 2,000 hakumaanishi ekseli ya trela inabeba kilo 2,000.

3. Uzito wa pua

Trela ikifungwa, sehemu ya uzito wake inakaa kwenye kile chuma cha nyuma ya pikapu. Huo tuuite uzito wa pua. Kwa trela ya ekseli moja, wengi hulenga takriban asilimia 10 ya uzito wa trela iliyojazwa. Kwa ile ya kilo 1,485 ni kama kilo 150. Na hizo kilo 150 zinahesabiwa kama mzigo wa pikapu: 2,500 inakuwa 2,650, bado chini ya 2,900. Sawa. Chuma cha kuvutia nacho kina kikomo chake cha pua, kimeandikwa hapo kwenye kibati. Kama hakina kibati na fundi wa jua kali ndiye alikichomelea, usikiamini na watoto wako ndani ya gari.

Kwa nini tunasisitiza pua? Kwa sababu pua ikiwa nyepesi sana, trela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa ng'ombe, na ikishika kasi inaweza kuvuta pikapu nzima nje ya barabara. Pua ikiwa nzito sana, nyuma ya pikapu inashuka, magurudumu ya mbele yanakosa kushika vizuri na usukani unakuwa mwepesi.

Unaweza kuipima mwenyewe. Weka trela mahali tambarare, weka kipande cha mbao juu ya mizani ya kawaida ya kupima watu, kisha shusha pua juu ya mbao hiyo, ikiwa kwenye kimo kile kile kama imefungwa kwenye gari. Hakikisha mizani yako inafika uzito huo kabla hujaivunja. Ukipata namba ambayo haifai, hamisha mizigo. Vitu vizito vikae chini na karibu na ekseli, kidogo zaidi upande wa mbele. Usiweke jenereta na mitungi ya maji kule nyuma kabisa.

Ukitaka namba za uhakika za kila kitu, tafuta mizani ya magari. Machimbo ya mawe, viwanda vya unga na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wengi wanayo, na wengine wanakubali kukupimia kwa ada ndogo. Pima pikapu peke yake ikiwa na familia yote na mizigo, halafu pima zote mbili zikiwa zimefungana.

4. Mambo ya kukagua trela ikiwa mbele yako

Nenda mchana. Nenda na fundi unayemjua wewe, si fundi wa muuzaji.

Mlango uko upande gani? Hapa tunaendesha kushoto, kwa hivyo mlango unafaa ufungukie kushoto, upande wa nje ya barabara. Trela za Marekani kawaida zina mlango upande wa kulia. Ukisimama kando ya barabara, mtoto akishuka anaingia moja kwa moja kwenye magari. Zile za Afrika Kusini na Uingereza zimetengenezwa kwa barabara za kushoto kama zetu.

Umeme ukoje? Kenya tunatumia volti 240. Vifaa vya trela ya Marekani ni vya volti 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya kambi, umekaanga firiji na chaja siku ya kwanza. Kubadilisha kunawezekana, lakini weka gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubaliana.

Breki zipo? Kwa trela ya uzito tunaouzungumzia, ni lazima. Kuna zinazojibana zenyewe trela inaposukuma pikapu kwa mbele, na kuna za umeme zinazohitaji kidhibiti ndani ya gari. Kama ni za umeme na pikapu yako haina kidhibiti, hiyo ni pesa nyingine. Mwambie fundi anyanyue gurudumu kwa jeki, alizungushe kwa mkono, asikilize beringi. Beringi zinazolia ndizo zinakuacha Archer's Post saa kumi na mbili jioni.

Tairi zina umri gani? Usidanganywe na meno mazuri. Trela hukaa miezi bila kutembea, tairi zinazeeka zikiwa zimesimama. Tafuta namba nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavu yanayoanza na DOT. Ukiona 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Rimu zinafanana na za pikapu? Hili ni dogo lakini tamu. Hilux na D-Max za kabini mbili huwa na nati sita kwa kila gurudumu. Land Cruiser ya pikapu ya miaka ya karibuni ina tano. Ukipata trela yenye rimu zinazoingiliana na za gari lako, una spea mbili badala ya moja kwa safari nzima.

Maji yanaingia? Bonyeza kuta za ndani kwenye pembe na chini ya madirisha. Zikiwa laini au zinanuka ukungu, mbao ndani imeoza. Ukarabati wa hapo hauishi.

5. Kodi kabla ya kununua

Hii ndiyo ushauri ambao hakuna muuzaji atakupa. Kabla hujatoa laki kadhaa, kodi trela ya aina hiyo kwa wikendi moja. Nenda karibu, Sagana au Naivasha. Jifunze kurudi nyuma nayo kwenye uwanja mtupu, maana usukani unafanya kazi kinyume na unavyozoea. Jifunze kushuka mteremko wa Mai Mahiu ukiwa kwenye gia ya chini tangu juu, si kushikilia breki hadi zianze kutoa moshi. Jifunze kuacha nafasi kubwa mbele, kwa sababu kusimama kunachukua muda zaidi.

Na umuulize mama watoto na watoto wenyewe kama walilala vizuri. Kuna familia hurudi na kusema hema ya kawaida inatosha. Hapo umeokoa pesa nyingi kwa bei ya wikendi.

6. Sasa tulipe, lakini kwa mpangilio

Hapa ndipo sisi tunaingia. Fuata hatua hizi kwa mfuatano, usiruke.

Kwanza, tafuta rekodi. Trela hapa Kenya husajiliwa kama gari, na namba zake huanza na herufi Z. Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, uombe nakala ya rekodi ya namba hiyo. Malipo ya eCitizen unafanya kwa paybill 222222. Linganisha vitu vitatu: jina la mmiliki na kitambulisho cha muuzaji, namba ya chesisi kwenye rekodi na ile iliyogongwa kwenye chuma cha trela, na kama kuna benki au sacco inayoidai. Kama trela haina namba kabisa na muuzaji anasema "utasajili baadaye," ujue shida hiyo anakuhamishia wewe.

Pili, andika makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha: majina, namba za vitambulisho, namba ya trela, chesisi, bei, kiasi cha awamu na tarehe. Shahidi mmoja kila upande.

Tatu, gawanya malipo. Amana ndogo baada ya kuiona kwa macho na kuthibitisha rekodi, si kabla. Sehemu kubwa mkianza uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA. Salio ukishakubali uhamisho na trela ikiwa mikononi mwako.

Nne, kumbuka vikomo. M-PESA kwa mfano inaruhusu hadi KSh 250,000 kwa muamala mmoja na KSh 500,000 kwa siku. Kwa trela ya KSh 650,000 huwezi kulipa yote siku moja kwa simu, na kwa kweli hilo ni jambo zuri. Linakulazimisha kulipa kwa awamu. Kiasi kikubwa unaweza kupitisha benki.

Tano, soma jina kabla ya PIN. Jina lifanane na la kwenye rekodi na kwenye makubaliano. Laini ya bibi, ya ndugu, ya "karani wetu," zote jibu ni hapana. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja ukiwa na ujumbe wa muamala. Dakika zina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa ajenti, kuzirudisha ni vigumu. Na sisi hatutawahi kukuuliza PIN yako, hata mpigaji ajitambulishe kwa jina letu na ajue jina lako lote.

Sita, hifadhi kila ujumbe wa malipo. Piga picha ya skrini, jitumie kwa barua pepe. Kukitokea ubishi, hizo ndizo risiti zako.

Saba, piga simu kwa bima kabla ya safari ya kwanza. Uliza maswali mawili na uombe majibu kwa maandishi: bima ya pikapu yangu inaendelea kufanya kazi nikivuta trela? Na trela yenyewe imekatiwa bima ya nini?

7. Kama pesa bado hazijafika

Usikope kwa haraka kwa ajili ya likizo. Tuseme lengo lako ni KSh 600,000. Ukiweka KSh 25,000 kila mwezi, ni miezi 24. Inaonekana ndefu, lakini ndani ya miaka hiyo miwili unaweza kukodi mara tatu nne, ukajua hasa unataka trela gani, na ukafika sokoni na pesa zako mwenyewe. Mtu mwenye pesa zake mkononi hasukumwi na "kuna mtu mwingine anaitaka." Fungua akaunti ya akiba yenye lengo kwenye simu, weka makato ya moja kwa moja siku ya mshahara, na uifungie usiiguse.

Mwenzetu wa ofisini aliendelea kutafuta kwa miezi mitano baada ya ile simu kuzimwa. Mwishowe alinunua trela ndogo ya ekseli moja, kilo 900 ikiwa tupu, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama. Alipima, akatafuta rekodi, akalipa kwa awamu tatu, kila moja kwa jina lililokuwa kwenye rekodi. Pasaka walilala Baringo. Anasema kelele za viboko usiku ndizo zilizomnyima usingizi, lakini hiyo hatuwezi kumsaidia.

Zoezi la wiki hii

Hata kama hununui trela leo, nenda kwenye pikapu yako, fungua mlango, uandike zile namba nne. Kisha jumlisha uzito wa pikapu tupu, wa familia na wa kila kitu ulichofungia kwenye gari, na utoe kwenye kikomo cha pamoja. Utakachopata ndicho trela inaweza kuwa, ikiwa imejaa, mradi hakizidi uzito ambao pikapu inaruhusiwa kuvuta. Mtumie hesabu hiyo rafiki anayepanga kununua, kabla hajatuma amana.

Tukutane somo lijalo.